Jua Likigeuka Shimo Jeusi, Je, Dunia Itamezwa?

Katika maswali yote ya anga ninayoulizwa, hili ndilo hunirudia zaidi: Jua likigeuka shimo jeusi usiku wa leo, Dunia itamezwa? Haitamezwa. Itaendelea kulizunguka kwa siku zilezile 365 na robo, katika njia ileile. Tutakuwa gizani na baridi itatumaliza, lakini hatutavutwa karibu zaidi hata kwa mita moja.

Mvutano hutegemea mambo mawili: tungamo la kitu kinachovuta, na umbali wetu kutoka kitovu chake. Jua lina kipenyo cha kilomita milioni 1.4 hivi. Likibanwa hadi kuwa shimo jeusi, kipenyo hicho kitapungua hadi kama kilomita 6, lakini tungamo litabaki lilelile, nasi tutakuwa palepale, umbali wa kilomita milioni 150. Kwa nini basi tuvutwe zaidi? Hatari ingempata anayelisogelea. Leo uso wa Jua upo kilomita 700,000 kutoka kitovuni; shimo jeusi lingemruhusu kufika kilomita 10, na huko mvutano ni wa kutisha. (Jua letu, kwa kweli, halina tungamo la kutosha kufikia hali hiyo.)

Lakini mbona hata sasa hatuliangukii Jua? Tunaliangukia. Kila sekunde Dunia huanguka kuelekea Jua kwa milimita 3 hivi, ila katika sekunde hiyohiyo huwa imekwenda pembeni kilomita 30. Kuanguka huko kusikofika ndiko kuzunguka kwenyewe. Wanaanga nao huelea kwa sababu hiyohiyo: kilomita 400 juu yetu mvutano bado ni karibu sehemu tisa za kumi za huu wa ardhini, ila wao na chombo chao wanaanguka pamoja.

Nyota pia inaweza kulizunguka shimo jeusi kwa mamilioni ya miaka, na mizunguko ya namna hiyo ndiyo iliyotufichulia mashimo haya. Pwani yetu ya Kenya ina sehemu yake katika ugunduzi huo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililokuwa likiendeshwa na Waitaliano baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei za angani, na ilionyesha kwamba eksirei za chanzo kiitwacho Cygnus X-1 hupanda na kushuka ndani ya sehemu ya sekunde. Kitu kikubwa hakiwezi kubadilika upesi hivyo, kwa kuwa hata mwanga huhitaji muda kukivuka. Wanaastronomia wa Uingereza na Kanada wakaipima nyota ya samawati iliyopo hapo, wakakuta inazunguka, kila siku 5.6, kitu kisichoonekana. Kitu hicho ni shimo jeusi, na leo tungamo la shimo hilo linakadiriwa kuwa la Majua 21. Natamani kila mwanafunzi wa Malindi afundishwe habari hii.

Na wakati je, nao huathiriwa na mvutano? Kadiri saa inavyokaribia tungamo kubwa, ndivyo inavyokwenda polepole, wala si kwa ubovu wa saa. Saa za setilaiti za GPS, kilomita 20,200 juu yetu, huzitangulia zetu kwa mikrosekunde 38 kila siku, hata baada ya kutoa ucheleweshaji unaotokana na mwendo wake wa kasi. Bila kusahihishwa, simu yako ingeanza kukosea mahali ulipo, kosa likikua kwa takriban kilomita 10 kwa siku. Kwenye ukingo wa shimo jeusi tofauti hiyo haina kikomo: anayetazama kwa mbali ataiona saa inayotumbukia ikizidi kuchelewa, karibu kusimama, ilhali kwa aliyeivaa mkononi inakwenda kama kawaida.