Ua la Mlimani Ndani ya Chumba

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Lakini lipo ua moja ambalo kwao halikutuzwa. Lilikwenda kutunzwa ugenini. Ni ua dogo, lenye majani manene yaliyojaa manyoya laini, na maua ya zambarau yenye vitone vya manjano katikati. Mwaka 1892, mtawala Mjerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma mbegu zake kwa babake huko Ujerumani. Mwaka uliofuata, mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo huo. Leo linapamba madirisha ya watu Ulaya na Marekani. Wao huliita urujuani wa Kiafrika, ingawa halina udugu wowote na urujuani wa kwao.

Si la milima ya Usambara peke yake. Linaota pia katika miamba yetu ya Kilifi, na katika msitu wa Mbololo, Milima ya Taita, kuna aina yake isiyoota kiasili mahali pengine popote duniani. Wangapi kati yetu tulijua hayo?

Katika makala haya nataka tuone jinsi ya kulilea ua hili chumbani, iwe ni nyumbani au katika maabara ya shule. Kazi yote ina mambo mawili makubwa: mwanga na unyevu wa hewa. Tukiyaelewa mawili hayo, tutaelewa pia jambo la tatu, zito zaidi, nitakalolieleza mwishoni.

MACHO YETU HUTUDANGANYA

Ukiingia darasani mchana taa zikiwa zimezimwa, utasema kuna mwanga tele. Unasoma daftari lako bila shida. Mmea nao, ungekuwa na kinywa, ungekuambia, "Mwenzio nimo gizani!" Kisa na maana? Jicho la binadamu hujirekebisha. Penye giza mboni hupanuka, penye jua husinyaa, hata tukadhani mwanga wa ndani na wa nje haujapishana sana. Kumbe ni mbingu na ardhi.

Mwanga hupimwa kwa kipimo kiitwacho laksi. Nje, jua la adhuhuri likiwaka, hufika kama laksi 100,000. Juu ya dawati la kusomea huwa laksi 300 hadi 500 tu. Ua letu, ili lichanue vizuri, linataka kama laksi 5,000 hadi 10,000. Kwa hivyo jua kali litaliunguza, na kona ya chumba italiua kwa njaa.

Naam, kwa njaa. Tukumbuke somo la Biolojia: jani hutumia nguvu za mwanga kuunganisha maji na gesi ya kaboni-dioksaidi, likatengeneza sukari. Papo hapo mmea hupumua usiku na mchana, na kupumua huko huila sukari hiyo. Mwanga ukiwa hafifu, matumizi hupita mapato. Ni kama mtu anayepata shilingi hamsini kwa siku na kutumia mia. Atakula akiba, kisha atafilisika. Ndiyo sababu mmea wa gizani haufi siku hiyo hiyo. Kwanza hurefusha shingo kutafuta mwanga, majani yakafifia rangi. Watu wakiuona wanadhani una kiu, wanaumiminia maji, na mizizi inaoza. Basi hapo umeuawa na huruma.

DIRISHA AU TAA?

Dirisha ni bure, kwa hivyo tuanze nalo. Vitabu vingi vya maua vimeandikwa Ulaya, na humwambia msomaji juu ya dirisha la kusini, kwa kuwa kwao jua la mchana hukaa kusini mwaka mzima. Sisi tuko ikweta, bwana! Kwetu mwezi wa Juni jua huwa upande wa kaskazini, na Desemba huwa kusini. Dirisha linalofaa zaidi ni la mashariki, lipatalo jua la asubuhi ambalo bado ni pole.

Hujui kama mahali panafaa? Fanya jaribio hili. Saa sita za mchana weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka mkebe wako, kisha nyoosha mkono juu yake, kama urefu wa rula moja. Kivuli kikiwa cheusi chenye kingo kali, mwanga umezidi. Weka pazia jepesi. Kivuli kikiwa hafifu lakini chaonekana, hapo ndipo. Kusipokuwa na kivuli kabisa, tafuta taa.

Taa nazo si sawa. Glopu ya zamani ya waya haifai, kwa sababu zaidi ya tisa kwa kumi ya stima yake huishia kuwa joto. Taa za tyubu, zilizoingia sokoni Marekani mwaka 1938, ndizo zilizowawezesha watu wa huko kulilea ua hili hata katika vyumba vya chini ya ardhi visivyo na dirisha. Siku hizi taa za LED zinafanya kazi hiyo kwa stima kidogo zaidi. Huna haja ya taa ya rangi ya ajabu. Jani hutumia zaidi mwanga mwekundu na wa buluu, na taa nyeupe ya kawaida inayo yote mawili.

La muhimu ni umbali. Taa iliyo darini haisaidii. Ile ndogo, ukiuzidisha umbali wake mara mbili, mwanga unaofika hupungua hadi robo. Kwa hivyo ishushe iwe sentimita 20 hadi 30 juu ya majani, na iwake saa 12 hadi 14 kwa siku. Usiku izime, maana mmea nao unahitaji giza. Kisha usome majani kama unavyosoma barua: yakisimama wima na kurefuka vikonyo, mwanga ni haba, yakijikunja chini na kupauka katikati, umezidi. Na tahadhari: nyaya za stima zikae mbali na maji, wala usiguse swichi kwa mikono iliyolowa. Ikiwa ni maabara ya shule, mwombe mwalimu ruhusa kwanza.

UNYEVU WA HEWA SI MAJI YA UDONGO

Wengi huchanganya mambo haya. Udongo unaweza kuwa umelowa chepechepe, na hewa iwe kavu. Unyevu wa hewa ni kiasi cha mvuke uliomo hewani, ukilinganishwa na kile ambacho hewa hiyo ingeweza kubeba katika joto hilo. Ukisikia 100 kwa mia, ujue hewa imeshiba na umande u karibu.

Jani lina matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Kaboni-dioksaidi huingilia humo, na mvuke wa maji hutokea humo humo. Hewa ikikauka mno, mmea huyafunga matundu ili usinyauke. Lakini mlango ni mmoja! Ukifungwa ili maji yasitoke, chakula nacho hakiingii. Hapo hata ukiwasha taa kumi ni kazi bure. Mwanga na unyevu ni kama jembe na mpini: kimoja bila kingine hakilimi.

Ua letu hupenda unyevu wa 50 hadi 60 kwa mia, au zaidi kidogo. Utaupimaje? Shule yenye kituo cha hali ya hewa cha somo la Jiografia ina kifaa tayari. Ndani ya kile kisanduku cheupe mna vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kingine kimefungwa kitambaa chenye maji. Maji yakikauka hupoza kile cha pili. Tofauti ikiwa ndogo, hewa ina unyevu. Ikiwa kubwa, hewa ni kavu. Kwa mfano, kikavu kikisoma nyuzi 25 na chenye maji nyuzi 20, unyevu ni zaidi kidogo ya 60 kwa mia. Vizuri. Kile cha pili kikisoma 17, unyevu uko chini ya 50, na ni lazima tusaidie.

Njia ni rahisi. Kwanza, weka kokoto kwenye sahani pana, tia maji yasifike juu ya kokoto, kisha weka mkebe juu yake. Maji yatapanda kama mvuke, wala mizizi haitaogelea. Pili, iweke mimea pamoja, kwa kuwa kila mmoja hutoa mvuke unaomfaa jirani. Tatu, uiepushe na upepo wa mlangoni. Kunyunyizia maji majani hakufai: unyevu huo hupotea baada ya dakika chache, na maji baridi huacha madoa kwenye yale manyoya.

MMEA MPYA KUTOKA JANI MOJA

Usiende kung'oa ua msituni, tafadhali. Pata jani kwa mwenye ua au kwa wauzaji wa miche. Kata jani zima pamoja na kikonyo cha sentimita 3 hivi, ulichomeke katika mchanga uliochanganywa na mboji. Mwagia kidogo. Jani hilo halina mizizi ya kunywea, kwa hivyo linataka hewa yenye unyevu mwingi. Zamani watu walitumia mfuko wa plastiki, lakini ile ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017. Chukua chupa kubwa ya maji isiyo na rangi, ikate katikati, uifunike juu ya mkebe. Umejenga msitu mdogo. Ifunue dakika chache kila siku kuzuia kuvu, wala usiiweke juani, la sivyo jani litapikika. Mizizi hutoka baada ya wiki tatu au nne, na vichipukizi baada ya miezi miwili au mitatu.

MSITU NAO NI CHUMBA

Sasa tutazame kazi tuliyofanya. Pazia limechuja jua. Kokoto na maji vimelowesha hewa. Chupa imezuia upepo. Ni nani aliyekuwa akilifanyia ua hili kazi hiyo yote kule Mbololo? Ni miti. Matawi yake huchuja jua, ikabaki asilimia chache tu. Majani yake hunasa ukungu uletwao na pepo za Bahari ya Hindi, na vigogo huvunja kasi ya upepo. Chini ya milima hiyo ni nyika kavu ya Tsavo, lakini penye miti mwamba una kuvumwani.

Kwa hivyo anayekata mti pale hahitaji kuligusa ua ili aliue. Amezima pazia, amemwaga maji ya sahani, ameondoa chupa. Ua litabaki juu ya mwamba wake, juani na upepo mkavu, na hakuna wa kulisogezea dirisha la mashariki. Misitu ya Taita imebaki vipande vipande, na aina ile ya Mbololo haina kwingine pa kukimbilia.

Shime, wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili na wa vyama vingine! Jani moja, mkebe na chupa kuukuu havigharimu kitu. Walimu wetu nao watuazime kona ya maabara. Atakayelilea ua hili kwa muhula mmoja, akihesabu saa za taa na kujaza sahani maji kila asubuhi, hatauliza tena msitu una kazi gani.