Je, Wajua? Kasha Lililofichwa Ugenini Linahitaji Mlezi

Jiokashi ni mchezo wa kuficha na kutafuta. Mtu anaficha kasha dogo lenye daftari ndani, anatangaza latitudo na longitudo yake kwenye intaneti, na wengine wanalisaka kwa simu au kifaa cha GPS. Anayelipata anatia sahihi na kulirudisha palepale. Makasha ya namna hii ni zaidi ya milioni 3 duniani, na yapo hadi Antaktika. Leo tunatazama yaliyo magumu kutunza kuliko yote, yale yanayoachwa na msafiri mbali na kwake.

Je, wajua kwamba mchezo huu una siku ya kuzaliwa? Tarehe 2 Mei 2000 Marekani iliondoa hitilafu iliyokuwa ikitiwa makusudi kwenye mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Kosa la mita zipatazo 100 likashuka hadi mita 20 au pungufu. Kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo nyeusi ya plastiki karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon. Ndani aliweka vitabu, kaseti za video, manati na kopo la maharage. Mike Teague ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipata.

Na je, wajua iliishia wapi? Ilipondwa na mashine ya kukata majani. Kilichosalimika ni kopo la maharage peke yake. Leo mahali pale pana bamba la ukumbusho.

Zamani zaidi, mwaka 1854, James Perrott, aliyekuwa akiwaongoza watembezi kwenye nyika ya Dartmoor huko Uingereza, aliacha chupa Cranmere Pool ili wanaofika waweke kadi zao. Yeye alikuwa mwenyeji wa eneo hilo, na hilo ni jambo la kukumbuka tunapoendelea.

Je, wajua kwamba kasha la mtalii mara nyingi hukataliwa kabla mtu yeyote hajalitafuta? Orodha kubwa kuliko zote ni Geocaching.com, iliyoanzishwa na Jeremy Irish mwezi Septemba 2000 ikiwa na makasha 75 tu. Kila kasha jipya hupitiwa kwanza na wakaguzi wa kujitolea. Wakiona mwenye kasha anaishi Hamburg na kasha liko Bagamoyo, wana swali moja: nani atalitunza? Kusema "nitarudi mwakani" hakutoshi. Wanataka mpango wa matunzo, pamoja na mtu anayeishi karibu aliyekubali kufika pale tatizo likitokea. Wapo wanaoinung'unikia sheria hii. Mimi naitetea kwa moyo wote, kwa sababu kasha lisilo na mlezi likishapasuka linageuka kuwa taka ya mgeni kwenye ardhi ya mwenyeji.

Muda nao umewekwa. Tatizo likiripotiwa, mwenye kasha hulisimamisha kwa muda, na kwa kawaida ana wiki 4 hivi za kulitengeneza. Zikipita bila neno, mkaguzi hulifunga. Kasha lililofungwa kwa kukosa matunzo kwa kawaida halifunguliwi tena.

Je, wajua adui wa kwanza wa kasha ni nani? Wengi hudhani ni mwizi, kumbe ni maji. Mfuniko usiobana hupitisha unyevu, daftari likalowa, karatasi zikashikana, ukungu ukaota, na wino wa sahihi zote ukayeyuka. Ndiyo maana walezi wazoefu huja na daftari la akiba, mfuko mdogo wa plastiki wenye zipu, kitambaa kikavu na mpira mpya wa mfuniko. Masanduku ya chuma yaliyokuwa ya risasi za jeshi yanapendwa mno na wachezaji wa Marekani kwa jinsi yanavyobana, lakini chuma hicho kikiwekwa ufukweni upepo wa chumvi huanza kukila mapema. Pwani, plastiki nene ya vyombo vya chakula vyenye vibanio vinne ni salama zaidi. Kopo la filamu ya kamera, ambalo wageni hulipenda kwa udogo wake, huvujisha vibaya. Anayeliacha mahali penye masika anajua wazi kwamba mtu mwingine atalazimika kulikausha, na asipomtafuta mtu huyo kabla ya kupanda ndege, amemtwika mzigo asiyemjua.

Chakula hakiruhusiwi ndani, wala sabuni yenye harufu, wala mshumaa wa manukato. Wanyama hunusa wakatafuna kasha zima. Pombe, visu na dawa pia ni marufuku.

Je, wajua kwamba msaada mwingine ni madhara? Mtu amesafiri mbali, ametafuta kasha saa nzima, hakuliona. Anachukua kopo alilonalo mfukoni, anatia karatasi, analiweka pale, kisha anaandika kwamba amelipata. Kumbe la awali lipo, yeye tu hakuona. Sasa yapo mawili, na anayekuja baadaye hajui atie sahihi lipi. Desturi ya mchezo inakataa jambo hili, hata kwa nia njema, isipokuwa mwenye kasha ameombwa na kukubali. Makasha ya ugenini ndiyo yanayoumia zaidi hapa, maana mwenyewe yuko mbali na hawezi kwenda kuhakikisha. Kuandika "sikulipata" si aibu. Ni taarifa muhimu kuliko zote kwa mlezi aliye mbali, na zikifuatana tatu au nne anajua ni wakati wa kumtuma mtu.

Tarakimu ya mwisho kwenye namba za latitudo na longitudo ina uzito gani? Dakika moja ya latitudo, yaani sehemu ya 60 ya digrii, ni mita zipatazo 1,852, hivyo sehemu ya elfu ya dakika, ambayo ndiyo tarakimu hiyo ya mwisho, ni mita 1.85. Nampa msomaji hesabu hii kwa sababu mlezi akilisogeza kasha hadi mti wa pili lazima namba zibadilishwe. Kwa longitudo hesabu hubadilika kadiri unavyotoka ikweta. Kampala sehemu hiyo ya elfu ni karibu mita 1.85 vilevile, lakini Oslo haifiki hata mita moja. Na makasha mawili hayaruhusiwi kukaribiana chini ya mita 161.

Je, wajua kwamba kasha liliwahi kulipuliwa na jeshi? Julai 2011, katika mji wa Wetherby, Uingereza, watu waliokuwa mkahawani walimwona mtu akihangaika na kitu kidogo mtaani. Polisi wakaitwa, barabara ikafungwa, wataalamu wa mabomu wakakilipua. Lilikuwa kasha la mchezo. Basi fikiria Nairobi, ambako walinzi hukagua mikoba mlangoni mwa maduka makubwa. Mgeni hajui ukuta upi ni wa ubalozi, kichaka kipi kiko jirani na kambi ya jeshi, wala mzimu upi haukanyagwi. Mwenyeji anajua. Kupata ruhusa ya mwenye ardhi ni sharti la mchezo, na mwenyeji ndiye anayejua mlango wa kubisha.

Yapo makasha ambayo hata mlezi hayafikii. Richard Garriott, aliyeruka angani Oktoba 2008, aliacha moja kwenye Kituo cha Anga cha Kimataifa, kama kilomita 400 juu yetu. Jingine linalohusishwa naye liko kwenye chemchemi za moto za Rainbow, Bahari ya Atlantiki, kina cha takriban mita 2,300. Na roboti Perseverance, iliyotua Mirihi tarehe 18 Februari 2021, imebeba namba ya siri ya mchezo huu. Haya yanasisimua, lakini yasitumike kama kisingizio. Huko hakuna mvua, na hakuna mtoto wa jirani atakayekatwa na plastiki iliyopasuka.

Je, wajua kwamba msafiri anaweza kushiriki bila kuacha kasha lolote? Tangu Januari 2004 kuna aina isiyo na chombo kabisa, bali somo la jiolojia. Ya kwanza iliwekwa Hifadhi ya Murramarang, Australia. Mgeni hufika, hutazama miamba, hujibu maswali ya jiolojia na kumtumia majibu mwenye somo, ambaye anaweza kuyasoma akiwa kwake. Mwamba wa matumbawe uliobeba Fort Jesus pale Mombasa unatosha kwa somo zuri, na hauhitaji mfuniko. Njia nyingine ni kibati chenye namba ya pekee. Unakiweka kwenye kasha la mwenyeji, mtu mwingine anakihamishia kasha jingine, nawe unafuatilia safari yake kwenye simu.

Ambaye tayari ameacha kasha mbali na ameshindwa kulitunza ana njia ya heshima pia, kwani mfumo unaruhusu kulikabidhi kwa mchezaji mwingine aendelee nalo kama lake. Lifanyike mapema, kabla kasha halijafungwa.

Ndugu msomaji unayeishi Muscat, London au Toronto na unakuja likizo nyumbani, wewe una nafasi ambayo watalii wengi hawana, maana una binamu, una shangazi, una rafiki wa shule anayepita njia ile kila wiki. Kabla hujaficha chochote, mchukue mmoja wao mwende pamoja. Mwonyeshe shimo la mti lenyewe, mwachie daftari la akiba na namba yako ya simu, na umuulize kweli kama yuko tayari. Akisema hapana, rudi na kasha lako kwenye begi.