Je, Wajua? Kutoka Feri Hadi Kariakoo Wakati wa Kipupwe

Je, wajua kwamba Dar es Salaam nayo ina baridi yake? Kati ya Juni na Agosti, alfajiri joto hushuka hadi nyuzi 18 hivi za Selsiasi. Mtu wa Makete ataona ni joto hilo, lakini pale Feri upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini, abiria wa kivuko cha Kigamboni huvaa masweta na akina mama hujitanda khanga ya pili. Ni upepo uleule uliosukuma majahazi kwenda Uarabuni na Bara Hindi, kabla ya kaskazi kuyarudisha. Huu ndio msimu wa kutembea mjini kwa miguu.

Je, wajua kwamba mkungu hupukutisha majani mekundu? Miti mingi ya pwani yetu hubaki kijani mwaka mzima. Mkungu, kabla ya kuangusha jani, huvunja ile rangi ya kijani na kuvuta virutubisho vyake, ndipo wekundu huonekana. Tunda lake lina ganda jepesi linaloelea, na kwa njia hiyo mti huu husambazwa na bahari kutoka ufuko hadi ufuko.

Kunguru wanaogombea matumbo ya samaki sokoni Feri si wenyeji. Waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili wale takataka za mji, wakaongezeka, kisha wakaenea bara. Hula mayai na makinda ya ndege wetu. Takataka bado zipo, ndege wadogo ndio waliopungua.

Tukiondoka Feri, ng'ambo ya barabara ukitazamana na gati la boti za Zanzibar, lipo Boma la Kale. Lilijengwa kwa mawe ya matumbawe katika miaka ya 1860, Sultani Majid bin Said alipoanza kujenga mji mpya kando ya kijiji cha Mzizima. Alifariki mwaka 1870 kabla mji haujakamilika. Makanisa mawili yaliyo jirani, Azania Front la Kilutheri na Mtakatifu Yosefu la Kikatoliki, yalianzishwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19.

Sasa panda hadi mtaa wa Samora, kwenye sanamu ya Askari. Wengi hupanga kukutana hapo bila kuitazama. Je, wajua kwamba zamani mahali hapo palikuwa na sanamu nyingine, ya gavana Mjerumani Hermann von Wissmann? Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa. Baadaye ilisimamishwa Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha mwaka 1968. Askari wa shaba, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, alizinduliwa mwaka 1927, na singe ya bunduki yake imeelekea bandarini.

Sanamu hiyo huwakumbuka pia wapagazi, na hapa naomba tukae kidogo. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia huku kwetu ilipita porini kusiko na reli wala barabara, na mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Chakula na risasi vikabebwa vichwani na watu. Makumi ya maelfu walikufa, wengi zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Huko Nairobi, kwenye ukumbusho wa mchongaji huyohuyo, mpagazi amesimama pamoja na askari. Hapa kwetu juu yupo askari peke yake. Kwa maoni yangu mpagazi alistahili kusimama naye.

Mji, hata hivyo, haukumwacha. Ukivuka Mnazi Mmoja unaingia Kariakoo, mahali palipokuwa na kambi ya wapagazi wa jeshi la Mwingereza, Carrier Corps, na jina la kikosi likabaki midomoni mwa watu.

Soko kuu la sasa lilibuniwa na Beda Amuli, miongoni mwa wasanifu majengo Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki, na kufunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni miavuli ya zege iliyopinduliwa ili kukinga maji ya mvua. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 liliungua moto.

Mzazi, siku utakapompeleka mwanao Kariakoo kununua sare za shule, anzeni safari pale kwenye sanamu. Msomee maandishi ya Kiswahili yaliyo chini yake, umweleze wapagazi walikuwa akina nani.