JE, WAJUA? Vioo visivyopatana hupasuana

Ushanga wa rangi mbili unaweza kupasuka wenyewe siku kadhaa baada ya kutengenezwa, bila mtu kuugusa! Rangi haina kosa. Kila kioo hutanuka kwenye moto na kunywea kikipoa, na viwili vikinywea kwa viwango tofauti huvutana hadi kimoja kishindwe.

Ndiyo maana mafundi hutazama namba ya kutanuka kwa kioo kabla ya rangi. Vioo vya Effetre vya Murano, Italia, vina namba 104. Vya Bullseye vya Marekani vina 90. Usivichanganye kamwe.

Mafundi wa Venice walilijua jambo hili zamani. Samesame, shanga zao nyekundu zilizobebwa na misafara ya karne ya 19 hadi Unyamwezi, zilipendwa kupita kiasi. Chungulia tundu la ushanga mmoja: ndani mweupe, nje mwekundu. Vioo viwili, na katika shanga nyingi havijaachana mpaka leo.

Unataka kuyeyusha chupa utengeneze shanga? Ushanga mmoja, chupa moja. Chupa mbili za kijani kilekile, za viwanda tofauti, zinaweza kukataana.