DAWA YA MALARIA: TUSITOKE ZAHANATI BILA KUELEWA



Sisi tunaoishi Buteba, kati ya Busia na Tororo, malaria tunaijua. Lakini wengi wetu hupokea vidonge, tukasema "asante sista", kisha tukatoka bila kuelewa namna ya kuvimeza. Tulielewe jambo hili, maana lina hatari.

Tangu mwaka 2006 zahanati za Uganda na za Kenya hutibu malaria ya kawaida kwa dawa mseto ya artemetha na lumefantrini. Artemetha huua vijidudu vingi upesi, na homa hushuka. Lumefantrini hubaki katika damu siku kadhaa ikimalizia vilivyosalia. Kwa hiyo anayejisikia nafuu siku ya pili bado hajapona. Akiacha dawa arudi shambani au kiwandani, ugonjwa waweza kumrudia.

Dozi kamili humezwa mara 6 kwa siku 3. Mtu mzima wa kilo 35 au zaidi humeza vidonge 4 vya kawaida kila mara, jumla 24. Mtoto hupewa kwa uzito wake. Vimezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, au maziwa, ili dawa iingie vizuri mwilini. Ukitapika kabla ya saa moja kupita, meza dozi ile tena, na umwambie nesi, kwani utapungukiwa na vidonge.

Wengi hukosea katika dozi ya pili. Nesi husema, "Meza tena baada ya saa nane." Mgonjwa husikia saa nane mchana! Maana yake ni kuhesabu saa nane tangu ulipomeza. Uliyemeza saa mbili asubuhi, meza tena saa kumi jioni. Siku ya pili na ya tatu ni asubuhi na jioni.

Nesi naye ana wajibu wake. Kabla ya kutoa dawa huhakikisha mambo matano: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo, na wakati ndio. Kisha amwombe mgonjwa aeleze kwa maneno yake atakavyomeza, kwa Kiswahili, Kiteso au Kisamia. Asipokuomba, mweleze mwenyewe. Mwambie pia kama una mimba au unatumia dawa nyingine. Kuuliza si kukosa adabu.

Usimgawie jirani vidonge wala kuweka akiba. Mgonjwa akitapika kila kitu, akipata degedege au akipoteza fahamu, apelekwe hospitali mara moja.

Je, mshahara? Sheria ya Kazi ya Uganda ya mwaka 2006 humpa aliyefanya kazi mwezi mmoja mfululizo mshahara kamili katika mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 humpa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kila mwaka. Mpe mwajiri habari mapema, na uchukue cheti cha daktari.

Basi, ndugu, tusikatize dawa kwa kuogopa kukatwa mshahara. Anayenyimwa haki hii amwone mwakilishi wa chama kazini kwake.