Si kila homa ni malaria: Chikungunya yabadili sura, pipa ni lile lile

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa makamo alikuja zahanati akiwa na homa kali ya ghafla, vifundo vya mikono na miguu vimemvimba. Kipimo cha malaria kilionyesha hana. Nami, kwa mazoea tu, nikamwandikia dawa mseto. Homa ikaondoka. Baada ya miezi miwili akarudi, safari hii si kutaka dawa, bali kuniuliza iwapo swala yake ya kukaa kitini inaswihi, maana magoti yamekataa kwenda sijda. Suala la fiqhi nilimjibu, kwamba mwenye udhuru huswali awezavyo. Suala la tiba ndilo nililokuwa nimelikosea. Dalili zake zote zilikuwa za chikungunya.

Jina hilo ni la Kimakonde, na maana yake inahusu kukunjika, kwa vile mgonjwa hutembea amepinda kwa maumivu. Ugonjwa ulitambuliwa Newala na vijiji vya jirani, kusini mwa Tanganyika, katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953. Unasababishwa na kirusi kinachobebwa na mbu aina ya Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, ambaye huuma mchana. Kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi.

Sasa tazama jinsi kirusi hiki kinavyobadilika. Maandishi yake ya urithi yana herufi zipatazo elfu 12, nacho kila kinapozaana huzinakili upya. Tulipokuwa chuoni, ukikosea irabu moja ubaoni mwalimu alikurudisha hapo hapo. Kirusi hiki hakina mwalimu wa kukisahihisha. Makosa mengi hukiua chenyewe, lakini mara moja moja kosa humfaa. Ndivyo zilivyopatikana nasaba zake kubwa tatu: ya Afrika Magharibi, ya Asia, na hii yetu ya Afrika Mashariki, Kati na Kusini.

Nasaba yetu ndiyo iliyotembea sana. Mwaka 2004 ililipuka Lamu, na vipimo vya damu vilivyofanywa baadaye vilionyesha kuwa karibu watu watatu katika kila wanne waliambukizwa. Kisha Mombasa, halafu Komoro mwanzoni mwa 2005, na kufikia 2006 zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa kisiwa cha Réunion walikuwa wameugua. Huko mbu wetu wa mapipani ni haba, aliyejaa ni mbu mwingine mwenye milia, Aedes albopictus. Wataalamu walipolinganisha virusi vya mwanzo na vya mwisho wa mlipuko, walikuta badiliko la kitu kimoja tu, katika nafasi ya 226 ya protini moja ya gamba la kirusi. Badiliko hilo lilikiwezesha kukaa vyema ndani ya mbu yule. Mwaka 2007 msafiri aliyetoka India akakifikisha kaskazini mwa Italia, nako wakaugua watu zaidi ya 200.

Usidhani basi kwamba sisi tunasubiri badiliko hilo. Katika milipuko ya Mandera mwaka 2016 na Mombasa mwaka 2017 na 2018, kirusi kilikuwa cha nasaba yetu bila badiliko la 226. Hakikulihitaji, kwani mbu wetu tunamfuga wenyewe. Uwanda wa Wamakonde una shida ya maji tangu zamani, na Lamu mwaka 2004 kulikuwa na ukame. Maji yakiwa adimu watu huyahifadhi majumbani kwa siku nyingi, na mbu huyu hapendi mtaro mchafu. Anataka maji safi yaliyotulia: pipa, mtungi, tairi, kifuu cha nazi, hata birika la msikiti.

Dawa ya kukiua kirusi chenyewe hakuna. Ukipata homa na maumivu ya viungo, pima malaria kwanza. Ikiwa huna, using'ang'anie dawa za malaria kama nilivyofanya mimi. Kunywa maji mengi, pumzika, tumia parasetamoli. Aspirini na diklofenaki ziache mpaka tabibu aridhike kwamba si kidingapopo, yaani dengue, maana hubebwa na mbu huyu huyu na dawa hizo huweza kuzidisha kutoka damu. Mama aliye karibu kujifungua akipata homa ya namna hii awahi hospitali, kwa sababu mtoto anaweza kuambukizwa wakati wa uzazi na akaugua vibaya.

Tumefundishwa kufunika vyombo, nasi hufunika chungu cha mchuzi tukaliacha pipa wazi. Lifunike. Na walio na zamu ya usafi msikitini wajue kwamba kumwaga maji ya birika hakutoshi. Mayai hugandia ukutani juu kidogo ya maji, nayo hustahimili ukavu miezi kadhaa hadi maji yatakapojazwa tena. Kuta zisuguliwe kwa brashi kila wiki.