Shika Bakuli Lako la Uji

Kengele ya saa nne na nusu ikilia, watoto wa darasa la kwanza huingia darasani wanahema, mashati yamelowa jasho, mmoja analia ameporwa ubuyu wake. Naweza kupaza sauti "Kimya!" wakanyamaza kwa dakika moja. Siku hizi nawaambia: "Kila mtu ashike bakuli lake la uji."

Wanaunganisha viganja mbele ya mdomo. Tunavuta harufu ya uji kwa pua, nahesabu hadi tatu. Kisha tunaupuliza polepole upoe, nahesabu hadi tano. Anayepuliza kwa pupa uji wake umemwagika, basi anaanza upya. Tukirudia mara tano hivi, madaftari yanafunguliwa bila ugomvi.

Kazi kubwa hapo inafanywa na ile pumzi ndefu ya kutoka. Tukivuta hewa, moyo huongeza mwendo kidogo, tukiitoa, hupunguza. Upo mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaoshuka kutoka kwenye ubongo kupitia shingoni hadi moyoni, mapafuni na tumboni, na ndio unaoutuliza moyo hivyo. Ila mtoto wa miaka sita au saba hupumua mara 20 na zaidi kwa dakika, haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo hesabu ndefu za wakubwa humchosha. Kubana pumzi sikuruhusu kabisa, na anayesikia kizunguzungu hupumua kawaida.

Kwa upande wa viungo, tunafanya michezo mitatu, tena kando ya madawati, maana mikeka hatuna wala pa kuitandika hakuna. Kwenye mti, mtoto husimama kwa mguu mmoja, unyayo wa pili akiuegemeza juu ya kifundo cha mguu, kamwe si kwenye goti. Kwenye paka, hushika dawati kwa mikono miwili, akaukunja mgongo juu kisha akaulegeza. Mchezo wanaoupenda zaidi ni nyuki: midomo imefungwa, pumzi inatoka kwa mvumo. Darasa zima likivuma, hata mwalimu wa chumba cha pili huja kuchungulia.

Kuna mzazi alikuja kuniuliza, "Mwalimu, mbona mnawafundisha wanetu dini ya Kihindi?" Ana haki ya kuuliza. Michezo hii imetokana na yoga, nayo yoga ilizaliwa India, na kwa watu wengi huko inakwenda pamoja na ibada. Nchini Marekani, jimbo la Alabama liliipiga marufuku katika shule za umma mwaka 1993, likairuhusu tena mwaka 2021 kwa masharti: mikao itajwe kwa Kiingereza tu, na nyimbo za ibada zisiwepo. Huko Encinitas, California, wazazi walikwenda mahakamani kuipinga yoga shuleni. Mwaka 2013 jaji akaamua kwamba mazoezi yaliyofundishwa hapo hayakuwa dini, na mahakama ya rufaa ikakubaliana naye mwaka 2015. Yule mzazi nilimkaribisha akae nyuma ya darasa ajionee: hatuimbi, hatuombi, hatutaji jina la Kisanskriti. Kipindi kilipoisha, naye alikuwa amekwisha kupuliza uji wake.

Simwahidi mtu miujiza. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2022, uliohusisha zaidi ya wanafunzi 8,000 wa sekondari, uligundua kwamba masomo ya utulivu wa akili hayakuwasaidia kuliko masomo yao ya kawaida. Wangu ni wadogo zaidi, nami sifundishi somo. Nachukua dakika tatu kabla ya hesabu. Na mtoto aliyetoka nyumbani bila kula, dawa yake ni chakula.

Mwalimu au mzazi anayetaka kujaribu achague saa ambayo watoto wametulia, kwa sababu aliyekwisha kupandwa na hasira hashiki jambo jipya, hurudia alilolizoea. Na asiligeuze zoezi hili kuwa adhabu. Ukimwambia mkosaji "nenda kapumue kule pembeni," umeshaifanya pumzi kuwa kiboko, na kesho hataitaka.